Maili Zilizolipiwa na Karoti za Lushoto Zirudi kwa Wenyewe

Kila tiketi ya ndege inayonunuliwa kwa fedha za Hazina huzaa mali ya pili, na mali hiyo huingia mfukoni mwa mtu mmoja. Inaitwa maili. Ofisa akitumwa Geneva, Addis Ababa au New York, Watanzania hulipa nauli, hulipa hoteli, hulipa posho. Kisha shirika la ndege, kwa kushukuru biashara iliyoletwa, humwandikia zawadi abiria aliyekaa kitini. Haiandikiwi Hazina, wala wizara, wala mlipakodi. Maili zikifika idadi fulani hugeuka tiketi ya bure, au kiti cha daraja la biashara kwa mtu aliyelipiwa daraja la kawaida, au ruhusa ya kuingia chumba cha mapumziko pale uwanjani ambako chakula na vinywaji havilipiwi. Nasema wazi tangu mwanzo: maili hizo ni mali ya umma, na anayezitumia kumpeleka mkewe Dubai anatumia mali ya umma kumpeleka mkewe Dubai.

Naandika nikiwa Lushoto, na najua wapo watakaouliza sisi watu wa milimani yanatuhusu nini mambo ya ndege. Huku hakuna ndege ya abiria inayotua kwa ratiba. Anayetaka kuruka kwenda ng'ambo hupanda basi alfajiri, akateremka kona za Soni mpaka Mombo, akapita Korogwe, Segera na Chalinze, na sehemu kubwa ya siku ikaisha hajafika uwanja wa Julius Nyerere. Majirani zangu wengi hawajawahi kufunga mkanda wa ndege maishani mwao. Lakini wamelipia safari nyingi za ndege, na hapo ndipo hoja yangu inapoanzia.

Mkulima wa Lukozi anayepakia karoti kwenye fuso hulipa ushuru wa mazao. Mafuta yanayoiteremsha fuso hiyo mpaka sokoni Dar es Salaam yana tozo na kodi ndani yake. Sabuni anayonunua akirudi ina VAT ya asilimia 18. Julai 2021 Serikali ilianzisha tozo ya miamala ya simu, kuanzia shilingi 10 hadi shilingi 10,000 kwa muamala, na mama wa Mlalo aliyemtumia mwanawe hela ya daftari alikatwa. Tozo hiyo ilipunguzwa baadaye baada ya watu kupiga kelele, na vizuri walipiga. Nataka msomaji akumbuke tu kwamba dola haikumuonea haya mama yule. Ilizijua shilingi zake mpaka ya mwisho, ikazifuata ndani ya simu. Dola yenye macho makali namna hiyo kwa mama wa Mlalo haina kisingizio cha kutoziona maili za mkurugenzi.

Ukubwa wa jambo hili umekwisha kutajwa bungeni. Tarehe 20 Novemba 2015, Rais John Magufuli alipozindua Bunge la 11 mjini Dodoma, aliwasomea wabunge hesabu ya safari za nje za Serikali na taasisi zake kwa miaka miwili ya fedha, 2013/14 na 2014/15. Jumla ilikuwa shilingi bilioni 356.3. Ndani yake, tiketi za ndege peke yake zilimeza bilioni 183.16, na zilizobaki zilikwenda kwenye posho na mafunzo ya nje. Alisema fedha hizo zingetosha kujenga kilomita 400 za barabara za lami. Bilioni 183.16 kwa miaka miwili ni wastani wa shilingi milioni 250 kila siku ya Mungu, Jumapili na sikukuu zikiwemo, zinazolipwa kwa mashirika ya ndege. Sisi wa huku tulizisikia zile kilomita 400 tofauti na walivyozisikia watu wa Masaki. Tunaijua barabara ya Soni kwenda Bumbuli, Dindira mpaka Korogwe, ambayo ahadi yake imesikika kampeni baada ya kampeni. Tunajua masika inavyoziangusha kingo za milima barabarani, na kabichi zikaozea kwenye gari lililokwama huku dalali wa Dar es Salaam akipiga simu kushusha bei.

Kila mtu alizungumzia zile shilingi. Maili zilizozaliwa na shilingi hizo zilipita kimya. Basi nimefanya makadirio yangu, na msomaji ayakague. Bilioni 183.16 kwa viwango vya wakati ule zilikuwa kama dola milioni 100. Toa nusu nzima kwa ajili ya kodi za viwanja, tiketi za bei ya chini zisizo na maili na mashirika yasiyo na mpango huo. Inabaki dola milioni 50, tuseme euro milioni 40. Kanuni inayotumika sasa katika mpango wa Flying Blue, wa Air France na KLM, humpa mwanachama wa ngazi ya chini kabisa maili 4 kwa kila euro. Hiyo ni maili milioni 160. Hata kama tiketi moja ya kwenda na kurudi ingegharimu maili 80,000, tunazungumzia safari 2,000. Na nimehesabu kwa ngazi ya chini. Ofisa anayeruka kila mwezi hapandi ngazi kwa jasho lake, hupanda kwa nauli yetu. Na katika mpango huohuo mwenye ngazi ya juu ya Platinum hupata maili 8 kwa euro ileile. Kadiri tunavyomlipia ndivyo kila safari inavyomzalishia yeye zaidi.

Nimesikia watu wakisema hiki ni kitu kidogo, zawadi kama kalenda ya mwisho wa mwaka. Wanaosema hivyo hawajui biashara hii. American Airlines ilipoanzisha mpango wake wa AAdvantage mwezi Mei 1981, lengo lilikuwa kumfunga msafiri wa mara kwa mara asihame. Miaka 40 baadaye maili zimekuwa na thamani ya kuweka rehani. Mwaka 2020, corona ilipozishusha ndege chini, Delta iliuweka mpango wake wa SkyMiles kuwa dhamana na kukopa dola bilioni 9. Mwaka uliofuata American Airlines ilikopa dola bilioni 10 kwa dhamana ya AAdvantage. Wakopeshaji wa Wall Street hawatoi mabilioni ya dola kwa dhamana ya kalenda. Benki hununua maili kwa mashirika ya ndege ili ziwagawie wateja wa kadi zao. Kitu kinachonunuliwa, kinachouzwa na kinachowekwa rehani ni mali, na mali iliyopatikana kwa fedha ya umma ina mwenyewe.

Hayo si mawazo yangu ya peke yangu. Wajerumani, waliowahi kuuita mji huu wetu Wilhelmstal, walilipigania jambo hili hadharani. Julai 2002, wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu wao, gazeti la Bild lilichapisha habari za wanasiasa waliotumia kwa mambo yao binafsi maili za Lufthansa walizozipata katika safari za kikazi. Gregor Gysi, aliyekuwa seneta wa uchumi wa Berlin, alijiuzulu kabla mwezi haujaisha. Cem Özdemir, mbunge wa chama cha Kijani, naye aliachia usemaji wa mambo ya ndani wa chama chake bungeni. Yeye alikuwa pia na mzigo wa mkopo wenye utata, lakini maili zilikuwa sehemu ya yaliyomwangusha. Hawakufungwa, hawakufukuzwa nchini. Özdemir alirudi kwenye siasa, na mwaka 2021 akawa Waziri wa Kilimo wa Shirikisho. Nalitaja hilo kwa wale wanaohofia kwamba uwajibikaji utawaua. Aliwajibika, akaishi, akarudi.

India, ambako tunapeleka wagonjwa wetu wa rufaa, Serikali Kuu imeelekeza kwamba maili zinazotokana na tiketi za kikazi zitumike kwa safari nyingine za kikazi za idara husika. Marekani ndiko walikokwenda njia nyingine: mpaka mwaka 2001 mtumishi wa serikali yao alitakiwa kuzirudisha, kisha sheria iliyosainiwa mwishoni mwa mwaka huo ikamruhusu abaki nazo. Mojawapo ya hoja zao ilikuwa kwamba kuzifuatilia ni usumbufu. Watetezi wa hali iliyopo hapa kwetu watalishika mfano huo kwa mikono miwili. Wauache. Marekani ni nchi tajiri iliyoamua kuwaongezea watumishi wake marupurupu, na iliamua hivyo kwa sheria iliyojadiliwa na kusainiwa mchana. Kama Bunge letu linataka kuwapa maofisa maili zetu, na lilete muswada, lisimame mbele ya mkulima wa Lukozi, lipige kura. Na huo usumbufu wa kufuatilia ulikuwa wa enzi za karatasi. Leo ununuzi wa Serikali unapita kwenye mfumo wa NeST, tiketi ni ya kielektroniki, na namba ya uanachama wa abiria inaandikwa ndani ya tiketi hiyohiyo. Kinachokosekana ni nia.

Lakini mimi sihitaji kwenda Berlin wala Delhi kutafuta hoja. Nchi hii ilikuwa na Azimio la Arusha, mwaka 1967, lenye miiko iliyomkataza kiongozi kuwa na mishahara miwili, kuwa na hisa katika kampuni, kuwa na nyumba za kupangisha. Mwanachama wa TANU aliahidi kwamba cheo ni dhamana na hatakitumia kwa faida yake. Miiko ile iliregezwa kule Zanzibar mwaka 1991, na tangu siku hiyo tumezoea kuona kiongozi akivuna pembeni mwa kazi tuliyompa, tukainamisha vichwa. Hata hivyo Sheria ya Maadili ya Viongozi wa Umma ya mwaka 1995 ipo, na inamtaka kiongozi atamke mali zake na zawadi anazopewa kwa cheo chake zinapozidi kiwango kilichowekwa. Maili 300,000 kwenye akaunti ya ndege zinazidi kiwango chochote cha maana. Chuo cha Uongozi wa Mahakama kiko hapahapa Lushoto, mahakimu na majaji hupita humo kunolewa. Ningependa swali hili liwekwe mezani darasani kwao: mtu akipata faida kwa kutumia fedha aliyokabidhiwa na mwingine, faida ni ya nani? Sidhani kama kuna mwanafunzi wa sheria atakayehitaji usiku mzima kulijibu.

Hasara haiishii kwenye maili zenyewe. Mpango huu unamshawishi ofisa kuchagua vibaya kwa fedha ambazo si zake. Mwenye kadi ya dhahabu ya shirika fulani atataka kupanda shirika hilo hata kama shirika jingine linauza kiti kama hicho kwa nusu ya bei. Atakubali kuzunguka kupitia mji wa mbali ili aongeze maili. Atapendelea tiketi ya bei kamili, kwa sababu ndani ya daraja moja la ndege kuna bei nyingi, kila moja na herufi yake, na ile ghali huzaa maili nyingi kuliko ile ya punguzo. Sisemi kila ofisa anafanya hivyo. Wapo waadilifu na ninawaheshimu. Nasema kanuni iliyopo inamlipa yule anayetuingiza hasara, na haimpi chochote yule anayetuokolea. Hakuna nyumba inayoendeshwa hivyo ikasimama.

Na hapa ninatofautiana na wale wanaodhani dawa ni kupiga marufuku viti vikubwa. Magufuli aliamuru daraja la kwanza na la biashara libaki kwa Rais, Makamu wa Rais na Waziri Mkuu. Nilielewa hasira yake, na hasira ile ilikuwa haki. Lakini amri ya jukwaani hutegemea pumzi ya aliyeitoa, na zaidi ya hapo, iliangalia kiti badala ya kuangalia bei. Daktari bingwa anayeruka usiku mzima na kuingia chumba cha upasuaji asubuhi, mwanasheria wetu anayekwenda kusimama mbele ya baraza la usuluhishi akiitetea nchi dhidi ya kampuni yenye mawakili kumi, hawa wakilala njiani nchi inafaidika. Waacheni walale. Ila kiti chao kitafutwe kwa akili.

Maana kiti cha daraja la biashara kina bei ya mwerevu na bei ya mzembe. Kikinunuliwa miezi miwili au mitatu kabla, katika msimu wa punguzo, kwa kukubali kubadili ndege Addis Ababa, Doha au Istanbul, hutokea kikawa nafuu kuliko tiketi ya daraja la kawaida ya bei kamili iliyonunuliwa siku mbili kabla ya safari. Tiketi ya kwenda na kurudi mara nyingi huwa rahisi kuliko mbili za kwenda tu. Safari inayoanzia Nairobi, Mombasa au Kilimanjaro inaweza kuwa na bei tofauti kabisa na inayoanzia Dar es Salaam, ingawa ndege ya kuvuka bahari ni ileile. Mashirika kadhaa, Ethiopian likiwemo, humruhusu aliyenunua kiti cha kawaida kutaja dau lake siku chache kabla ya safari ili asogezwe mbele kama viti havijajaa. Watalii wanaokuja kutembea kwa miguu kutoka Lushoto mpaka Mtae wanayajua haya yote, walimu na wauguzi wa kawaida kutoka Ulaya, na wapo waliofika kwetu kwa maili walizokusanya kidogo kidogo. Mwalimu wa Ulaya anajua kutafuta nauli kwa hela yake. Wizara yenye idara nzima ya ununuzi haiwezi kutuambia haijui.

Tatizo ni kwamba tiketi za Serikali hununuliwa kama vile mkutano umeshuka ghafla kutoka mbinguni. Chukua mikutano ya mabadiliko ya tabianchi, ile inayoitwa COP. Mkutano wa Dubai wa mwaka 2023 ulianza tarehe 30 Novemba, na tarehe hizo zilijulikana muda mrefu kabla. Ndivyo ilivyo kila mwaka. Huko ndiko misitu yetu inakotajwa, Magamba, Shagayu, Amani, na mamlaka ya kuisemea misitu hii yanatoka kwa watu waliokatazwa kukata kuni humo. Kibali cha safari kinachokaa mezani mpaka wiki ya mwisho, ili orodha ya wasafiri ijulikane nani kaongezwa na nani kapunguzwa, kinawalipisha watu hao bei ya mzembe. Aliyechelewesha kibali alipe tofauti ya nauli kwa mshahara wake. Ikitokea mara mbili tu kwa vigogo wawili, tiketi zote zitaanza kununuliwa mapema.

Wataniambia ofisa anachoka, anakosa arusi na misiba, anaacha watoto, hivyo maili ni kifuta jasho. Kifuta jasho chake ni posho, na tumeilipa. Bilioni 104.5 ndani ya zile bilioni 356.3 zilikuwa posho za kujikimu. Muuguzi wa zamu ya usiku Bumbuli naye anachoka. Mwalimu anayepanda mlima kwa miguu masika, viatu mkononi, naye anawaacha watoto wake wakiwa wamelala. Hakuna shirika linalowaandikia maili kwa kilomita hizo. Sijawahi kusikia mtu akidai kwamba uchovu wao unawapa haki ya kuchukua kitu cha shule au dawa za wodini kwenda nazo nyumbani.

Kuna kundi jingine ambalo maili zake ni halali kabisa na bado linazipoteza, na hili linaniuma kwa namna nyingine. Vijana wetu, wasichana hasa, wanaotoka mkoa huu wa Tanga kwenda kufanya kazi za ndani Muscat na miji mingine ya Ghuba, huruka kwa tiketi wanazolipiwa na waajiri au mawakala wao. Fedha zile si za Hazina ya Tanzania. Maili za safari ile zingeweza kuwa zao, na kwa kijana anayelipwa kidogo na kufanya kazi mpaka usiku wa manane si jambo dogo. Oman Air ina mpango unaoitwa Sindbad, Emirates ina Skywards, Qatar Airways ina Privilege Club, Ethiopian ina ShebaMiles. Kujiunga ni bure, na haihitajiki uwe umejilipia tiketi mwenyewe. Nakwambia wewe mdogo wangu unayejiandaa kwenda, na wewe mzazi unayemsindikiza: jiunge kabla ya safari, andika jina lilivyo kwenye pasi ya kusafiria herufi kwa herufi, mpe namba hiyo mtu wa kaunta ukikabidhi mzigo, na kipande cha pasi ya kupandia ndege usikitupe, maana ukisahau kutoa namba unaweza kudai baadaye ndani ya muda uliowekwa. Wanafunzi wanaopata ufadhili China au Uturuki nao waulize bei ya wanafunzi; yapo mashirika yanayowapunguzia nauli na kuwaongezea kilo za mizigo, lakini hutapewa usipouliza. Wakala anayechukua hela ya msichana wa Lushoto bila kumweleza hili amemnyima haki yake.

Sasa kuhusu zile za umma. Kinachotakiwa si kigumu, na mashirika ya ndege yenyewe yamekwisha kukitengeneza. Yapo mafungu maalumu ya wateja wa kampuni: bluebiz wa Air France na KLM, Business Rewards wa Emirates, Beyond Business wa Qatar Airways, ambamo anayelipa tiketi naye huandikiwa pointi, hata kama ni kampuni ndogo yenye wafanyakazi wachache. Mwenye duka la vipuri Kariakoo anaweza kufunguliwa akaunti namna hiyo. Serikali inayonunua tiketi kwa mabilioni ikae na mashirika hayo mezani idai kama anavyopewa mwenye duka, na zaidi yake, kwa sababu ni mteja mkubwa kuliko wote. Hazina itoe waraka: hakuna tiketi ya umma itakayolipwa mpaka makubaliano hayo yawepo. Shirika linalokataa kumwandikia mlipaji, likiona tiketi zetu zinahamia kwa mshindani wake, litabadilika kabla ya robo mwaka.

Pale ambapo kanuni za shirika zinalazimisha maili ziandikwe kwa jina la mtu, ofisa afungue akaunti ya kikazi peke yake, isichanganywe na safari zake za binafsi, na idadi ya maili itamkwe kila mwaka pamoja na mali zake kwenye Sekretarieti ya Maadili. Akistaafu, zibaki zikilipia tiketi za ofisi yake mpaka ziishe. Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu azikague kama anavyokagua magari na mafuta. Na fedha za miradi ya wafadhili zisiachwe nje. Mfadhili alitoa kwa ajili ya visima na miche ya miti, hakutoa ili mratibu wa mradi apate likizo.

Zikishapatikana, kazi ya kwanza iwe kupunguza nauli za safari halali za Serikali. Lakini naomba fungu moja litengwe kwa ajili ya mgonjwa aliyeandikiwa rufaa ya kwenda India, ambaye familia yake imeuza shamba la chai au ng'ombe wawili kwa ajili ya matibabu na bado haina nauli ya mtu wa kumsindikiza. Na lingine kwa kijana aliyefaulu, aliyepata nafasi ya masomo nje, ambaye tiketi ndiyo inayomkwamisha. Mipango mingi ya maili humruhusu mwenye akaunti kumkatia tiketi mtu mwingine. Ndivyo zinavyotumika sasa kuwapeleka jamaa wa maofisa. Zitumike vivyo hivyo kumpeleka mtoto wa mkulima aliyezilipia.

Wabunge wa majimbo ya Lushoto, Mlalo na Bumbuli, nawageukia ninyi. Bunge ni miongoni mwa taasisi zinazosafiri, kwa hiyo nawaomba muanze kwa kufungua akaunti zenu na kuzisoma mbele ya wapiga kura: mna maili ngapi, zimetokana na safari zipi, mmezitumia kwa nini. Mkishafanya hivyo mtakuwa na uso wa kusimama Dodoma na kumuuliza Waziri wa Fedha swali hilohilo kuhusu kila wizara na kila wakala. Nawe msomaji, mbunge wako akija kwenye mkutano wa hadhara sokoni, usimuulize barabara peke yake. Nyosha mkono, simama, umuulize maili ziko ngapi na zimeandikwa kwa jina la nani, na usikae mpaka akujibu.